Hulka ya Saa

Kiswahili kina kitenzi kizuri sana cha usiku: kukesha. Tunakesha msibani, tunakesha hospitalini kando ya mgonjwa, tunakesha kanisani mwaka unapoisha, tunakesha msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mvuvi wa dagaa hukesha na karabai yake usiku wa giza, maana mbalamwezi ikishatoka dagaa hawaifuati taa tena. Katika makesha yote hayo mtu anapambana na usingizi. Umemjia, naye anaufukuza, kwa sababu ana kazi, au ibada, au huzuni inayomtaka awe macho.

Yuko mtu mwingine ambaye usingizi wenyewe haujamjia. Saa tano za usiku nyumba nzima imelala, na kichwa chake ndiyo kwanza kinachangamka. Hana msiba wala zamu. Mpe likizo ya mwezi mzima, mwondolee simu na televisheni, bado atalala saa nane za usiku na kuamka saa nne asubuhi, na ataamka ameshiba usingizi sawasawa na yule aliyelala saa tatu. Huyu hakeshi. Mimi ni mtu wa namna hiyo, na wengi tulio hivi tumekua tukijua majina mawili tu ya hali yetu: uvivu asubuhi na ukaidi usiku.

Wanasayansi wanayo istilahi yake, iliyoundwa kwa maneno ya Kigiriki, khronos ambalo ni wakati, na typos ambalo ni aina au chapa. Ikitoholewa inakuwa kronotaipu. Maana yake ni mwelekeo wa mwili wa mtu, ambao kwa sehemu kubwa ni wa kuzaliwa, wa kutaka kulala, kuamka na kuwa mwepesi wa akili katika saa fulani na si nyingine. Makala hii inapendekeza tuiite hulka ya saa. Lakini kabla ya kulipima jina, kwanza tuitazame hiyo saa yenyewe.

Habari ilianza na mmea. Mwaka 1729 Jean-Jacques Dortous de Mairan, mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, aliufungia gizani mmea wa jamii ya kifauongo, ule ambao watoto huugusa ili wauone ukijikunja kana kwamba umekufa. Majani yaliendelea kufunguka ulipofika mchana na kujifunga ulipoingia usiku, ingawa mmea haukuliona jua. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachohesabu. Karne mbili na zaidi zikapita, na mwaka 1959 Franz Halberg wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, akaipa hesabu hiyo jina kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya “karibu siku nzima”. Kwa Kiswahili jina lake limekaa tayari mdomoni mwetu tangu zamani: kutwa kucha. Tukisema mzunguko wa kutwa kucha, msikilizaji anaelewa papo hapo kwamba tunazungumzia jua kutua, jua kuchomoza, na kila kinachofuatana navyo.

Lile “karibu” la Halberg, hata hivyo, lisiachwe njiani. Saa ya mwili haiendi saa 24 kamili. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard waliwaweka watu katika vyumba visivyo na dalili yoyote ya mchana wala usiku, wakakuta wastani wa mzunguko wao ni saa 24 na dakika 11. Kila siku, basi, mwili huwa nyuma kidogo ya jua, na mwanga wa asubuhi ndio unaousogeza mbele ulingane nalo. Msimamizi wa kazi hiyo ni fungu la seli kama 20,000 lililo ndani ya ubongo, upande wa chini, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana. Giza likiingia, fungu hilo huiruhusu tezi ndogo ya ubongo kumwaga melatonini, homoni iliyotambuliwa na Aaron Lerner wa Yale mwaka 1958. Mwanga, hasa wa samawati kama wa anga au wa kioo cha simu, huizuia.

Ambaye mzunguko wake ni mrefu kuliko wa wenzake huvutwa kuelekea usiku, na melatonini yake huchelewa kupanda. Wakati mwingine sababu iko kwenye jeni moja tu. Mwaka 2017 maabara ya Michael Young huko New York ilieleza badiliko katika jeni iitwayo CRY1 linalorefusha mzunguko wa saa ya mwili, na wenye badiliko hilo huchelewa kulala maisha yao yote. Mwaka huohuo Young, pamoja na Jeffrey Hall na Michael Rosbash, alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli za inzi wadogo wa matunda.

Umri nao una neno lake. Watoto wadogo huamka na jogoo. Wakibalehe, saa yao inasogea nyuma mwaka baada ya mwaka, na uchelewaji huo hufika kileleni karibu na umri wa miaka 20, kisha hurudi mapema polepole hadi uzeeni. Kwa hiyo kijana wa kidato cha tatu anayeburutwa kitandani saa kumi na moja alfajiri anaamshwa na mzazi ambaye mwili wake mwenyewe umeshavuka umri huo. Huko California sheria inayozitaka shule nyingi za sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi ilianza kutumika mwaka 2022, baada ya madaktari wa watoto kulisemea jambo hilo kwa miaka. Kwetu mtoto wa umri huo, saa hiyo, anakuwa ameshamaliza kufagia uwanja wa shule na yuko katikati ya kipindi cha hesabu.

Kuipima hulka hii hakuhitaji mashine. Mwaka 1976 James Horne na Olov Östberg walichapisha hojaji ya maswali 19 ya kuwatenga watu wa asubuhi na watu wa jioni. Baadaye Till Roenneberg wa Munich akatumia njia ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inaacha kumuuliza mtu anajionaje na kumuuliza anafanya nini. Anachotafuta ni katikati ya usingizi, katika siku ambazo hakuna kazi wala kengele. Chukua ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja analala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, hivyo katikati ya usingizi wake ni saa saba za usiku. Mwingine analala saa nane na kuamka saa nne asubuhi. Katikati yake ni saa kumi na mbili, jua linachomoza. Wote wawili wamelala saa nane kamili. Tofauti yao ya saa tano haina uhusiano wowote na bidii.

Roenneberg na wenzake waliiita hali ya ndugu huyo wa pili, siku za kazi, kwa jina linalotokana na ule uchovu wa kusafiri kwa ndege kuvuka nchi zenye saa tofauti. Mwili uko kwingine, ofisi iko kwingine, na msafiri hajatoka hata nje ya mtaa wake. Kwa Kiswahili naona mpishano wa saa unatosha: saa ya mwili na saa ya jamii zinapishana, na mtu analipa kwa usingizi wa Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa nini maumbile yaruhusu tofauti kubwa hivi? Jibu mojawapo limetoka Tanzania, katika bonde la Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia usingizi wa watu wazima 33 kwa siku 20, kwa vifaa vidogo vinavyovaliwa mkononi. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka, na katikati mara nyingi alikuwepo mtu aliye macho, bila yeyote kupangiwa zamu. Watafiti waliliona hilo kama ulinzi wa kambi ulioanza kale, moto ulipokuwa ndio ukuta pekee. Nikiusoma utafiti huo naona heshima ambayo mtu wa usiku alikuwa nayo, akiwa nusu ya mpango uliowawezesha wengine wasinzie kwa amani.

Turudi kwenye jina. Wapo wanaotafsiri moja kwa moja msemo wa Kiingereza na kuandika “bundi wa usiku”. Sikubaliani nao. Kwa Wagiriki bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa hekima, na heshima hiyo ilisambaa Ulaya. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu hutoka nje kumfukuza, na asubuhi wanaulizana nani anaumwa. Ni uonevu kwa ndege anayewalia wakulima panya wao, lakini uchuro huo upo, na ukimwita mtu bundi umemtia mkosi. Neno mwanga ni baya zaidi, kwa kuwa linamfanya mchawi. Mkeshaji ni neno safi, ila tumeshaona kasoro yake: linamfanya afukuzaye usingizi yule ambaye hajafikiwa nao.

Vipi tabia? “Tabia ya kuchelewa kulala” ndivyo wengi tunavyosema, na ndipo lawama inapoingilia. Kiasili, kwa Kiarabu, neno hili lilikuwa na maana ya maumbile, na maana hiyo bado inapumua ndani ya tabianchi, maana hakuna anayeilaumu nchi kwa joto lake. Lakini kwa mtu, tabia imekuwa mwenendo, jambo la kufunzwa na kurekebishwa. Mtoto mwenye tabia mbaya huchapwa. Ukiiita hali hii tabia, umeshatoa hukumu kabla ya kueleza.

Hulka ndiyo iliyobaki na maana tunayoitafuta. Shina lake la Kiarabu ni lilelile la kuumba, na Mswahili akisema “hiyo ni hulka yake” anakubali kwamba mtu kaja nayo, haikuokotwa barabarani. Pia hulka haimfungi mtu kabisa. Mwenye hulka ya upole huweza kukasirika, na mwenye hulka ya usiku huweza kuamka alfajiri akilazimika, kwa gharama. Sayansi yenyewe inasema hivyo, kwamba mwanga, umri na kazi huisogeza saa ya mwili, bila kuigeuza kuwa ya mtu mwingine.

Istilahi kamili itakuwa hulka ya saa ya mwili. Ikishazoeleka, “ya mwili” inaweza kudondoka. Najua msemaji wa haraka atadai kwamba hulka ya saa inaweza kueleweka kama hulka ya saa ya ukutani, lakini lugha huzoea: usanisinuru nao ulisikika mgeni, na leo ni neno la kawaida katika somo la biolojia. Kronotaipu ibaki kwa mabingwa wanaoandikiana. Kwa aina zake nilifikiria kwanza hulka ya macheo na hulka ya machweo, nikaziacha kwa kuwa redioni sikio halitazitenganisha. Ziwe hulka ya alfajiri, hulka ya usiku, na kwa walio wengi, hulka ya kati.

Mbali na jina, Kiswahili kina kingine cha kumpa mtu wa usiku. Ninaandika shajara, na huiandika usiku sana, wakati sentensi zinapokuja zenyewe na hakuna anayebisha hodi. Anayetumia saa ya kizungu hufika katikati ya usiku akakuta siku imekatika. Alichoanza kukiandika tarehe 4 anakimalizia tarehe 5, na saa yake imerudi kwenye moja. Saa yetu haikatiki hapo. Baada ya saa sita inakuja saba, kisha nane, kisha tisa, usiku uleule, na kwa hesabu ya wazee siku ilishabadilika tangu magharibi. Ndiyo maana magazeti yetu huandika “usiku wa kuamkia leo”. Usiku umehesabiwa pamoja na mchana unaoufuata, kama mwanzo wake. Mwandishi wa usiku, kwa saa hii, anaianza siku mpya na kuiandika akili yake ikiwa bado mbichi.

Istilahi huishi kwa kutumika, basi tuipe sentensi. Daktari amuulize mgonjwa wa usingizi: “Siku usiyo na kazi unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi?” kisha aandike katika faili, hulka ya saa: ya usiku. Meneja wa kiwanda apange zamu akijua kwamba vijana wengi wana hulka ya usiku na wazee wengi wana hulka ya alfajiri. Mwalimu mkuu amwandikie mzazi: “Mwanao ana hulka ya usiku, tumemhamishia kipindi cha hesabu baada ya saa nne.” Na mke amwambie mama mkwe aliyekuja kutembea na kumkuta mwanawe hajaamka: “Mwache, mama, ndiyo hulka yake ya saa, usiku wa kuamkia leo alimaliza kazi saa tisa.”