Kutoka Tukuyu hadi Matema

Mwaka 1879 Mskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, alishuka kutoka nyanda za juu hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mkuu wa msafara, Keith Johnston, alikuwa amefariki huko Behobeho mwezi Juni mwaka huohuo, na kazi yote ikabaki mikononi mwa kijana huyu mwanajiolojia. Aliyemfikisha ziwani ni James Chuma, Myao aliyeongoza wapagazi, yuleyule ambaye pamoja na mwenzake Susi alikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa mpelelezi David Livingstone hadi pwani. Thomson aliporudi Uingereza aliieleza safari yake kwa mabwana wa jumuiya ya kijiografia iliyomtuma, na mwaka 1881 akachapisha kitabu. Wenyeji aliopita katikati ya migomba yao hawakuelezwa chochote.

Nimeishika njia ya watafiti waliomfuata, ile itokayo Tukuyu, ikapita Masoko na Ipinda, ikaishia Matema. Nataka kujua elimu iliyochotwa huku ilipelekwa kwa nani.

Tukuyu yenyewe ni mji wa kuhamia. Kituo cha kwanza cha Wajerumani kilikuwa chini, Lumbira, kando ya ziwa. Enzi hizo daktari Friedrich Fülleborn alizunguka akipiga picha na kupima miili ya watu, na mwaka 1906 akatoa kitabu kinene kwa Kijerumani. Waliopimwa hawakuwa na namna ya kukisoma.

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wakaja Godfrey Wilson na mkewe Monica. Wakati huo Kyela, wilaya ya kando ya ziwa ambamo njia hii inaishia, ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rungwe. Hawa walikaa na Wanyakyusa, wakajifunza lugha, wakaandika jambo lililowashangaza wasomi wa dunia: wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi wao wakajenga vibanda pamoja na wa rika lao, na kijiji hicho kikakua nao mpaka wakaoa na kupata watoto humohumo. Baadaye, kwa sherehe ya ubusoka, kizazi kipya kilikabidhiwa nchi. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea peke yake, na kitabu chake kuhusu vijiji vya rika, Good Company, kikatoka mwaka 1951. Ilipofika mwaka 2013, Andrew Bank na Leslie Bank walihariri kitabu kinachoonyesha uzito wa kazi ya wasaidizi wa Monica, akiwamo Leonard Mwaisumo, karani aliyewatafsiria Wilson na mkewe na kuwaandikia maelezo. Naamini bila Mwaisumo vitabu vile visingekuwa na undani ulionao. Alistahili sifa hiyo mapema zaidi.

Masoko ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Ni ziwa dogo la duara ndani ya kreta ya volkano, upana wake mita 700 hivi. Desemba 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Milan Malinsky na wenzake juu ya samaki wa humu. Asili yao ni moja, lakini wamegawanyika makundi mawili. Madume wa maji ya juu, karibu na ukingo, ni wa manjano. Wa chini gizani ni wa buluu iliyokolea. Wanatofautiana pia kwa umbo na chakula. Watafiti walisoma jeni za samaki 146, wakakuta sehemu 98 ambamo makundi hayo yameachana waziwazi. Baadhi ya sehemu hizo zina jeni za macho, zile zinazosaidia kuona kwenye mwanga hafifu. Yaani samaki wa chini wanajengeka kuona gizani, na uchaguzi wa wenza unakwenda sambamba na tofauti hizo. Haya yote yametokea takribani katika miaka 1,000 iliyopita, muda mfupi sana kwa mambo ya viumbe.

Habari hii haimshindi mvuvi wa Kyela. Yeye anajua samaki gani hukaa kina gani, na anajua msimu ambao mbasa hupanda mito kutaga mayai. Ukimweleza kwa lugha yake atakuuliza maswali magumu kuliko ya ukumbi wa chuo. Na katika orodha ya waandishi wa utafiti ule limo jina la Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI). Hiyo ni hatua kubwa tangu siku za James Chuma.

Ukishapita Ipinda, Ziwa Nyasa lenyewe lina habari nzito zaidi. Mwaka 2005 wanasayansi walitoboa sakafu yake wakatoa matope ya kale. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ulipita ukame mkali, maji yakashuka kwa takribani mita 600, katika ziwa ambalo leo kina chake ni mita 700 hivi. Mahali ilipojengwa bandari ya Itungi palikuwa mbali kabisa na maji.

Elimu ya namna hii inaweza kuwafikia wenyeji: ng'ambo ya mto Songwe, huko Malawi, mji wa Karonga una makumbusho tangu mwaka 2004. Mtoto wa shule anaingia, anaona mfano wa mifupa ya dinosaria Malawisaurus, anaelezwa nchi yake ilivyokuwa. Watoto wa Kyela wanastahili kitu kama hicho.

TAFIRI ina kituo Kyela. Ingefaa kiwe mwenyeji wa kazi ya kuwarudishia wenyeji matokeo ya utafiti. Na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), wanaotoa vibali vya utafiti, nawaomba wamtake kila mtafiti wa ukanda huu arudi na matokeo yake Jumamosi moja soko la Lyulilo, pale Matema, wakati wafinyanzi Wakisi wa Ikombe wameshusha vyungu vyao, ayaeleze kwa Kiswahili, ajibu atakachoulizwa.