Mizani ya Pamba Usukumani

Ushirika wa pamba Usukumani, Bariadi ikiwemo, ulianzia kwenye mizani kabla ya kufika kwenye siasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima waliochoka kupunjwa na wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito ujulikane kabla mzigo haujakabidhiwa. Juu ya msingi huo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Wapo watakaosema chanzo kilikuwa hasira dhidi ya ukoloni. Hasira ilikuwepo, tena ya haki, lakini haihesabu ratili: mkulima alitaka uzito wa pamba yake umfikie mnunuzi bila kupunguzwa. Leo Simiyu, mkoa ilipo Bariadi, ni kitovu cha pamba nchini Tanzania. Kwa hiyo mizani ya kila kituo cha ununuzi ikaguliwe mbele ya mkulima.