Aficionado, hincha au friki? Chagua neno sahihi la Kihispania

Kwa Kiswahili, "shabiki" linatosha karibu kila mahali: soka, muziki, hata siasa. Kihispania kina maneno kadhaa, na ukikosea unaweza kujishusha bila kujua.

Aficionado (mwanamke: aficionada). Ni la kawaida sana, lakini angalia linakaa wapi. "Aficionado a la fotografía" ni mpenzi wa kupiga picha. "Fotógrafo aficionado" ni mpiga picha wa ridhaa, yaani hiyo siyo kazi yake. Ukiandika la pili kwenye barua ya kuomba kazi ya kamera, umejiharibia mwenyewe.

Apasionado. Mwenye mapenzi ya dhati na jambo. Halina maana ya uridhaa, hivyo kwenye wasifu wa kuombea kazi ni salama: "apasionado por la cocina", anayependa sana mapishi.

Hincha. Shabiki wa timu. Inasimuliwa kwamba lilianzia Uruguay, kwa mtu aliyejaza upepo mipira ya klabu ya Nacional huku akiishangilia kwa kelele. "Hinchar" ni kujaza upepo. Wanaume kwa wanawake, neno ni lilelile.

Fanático. Amerika ya Kusini hutumika sana michezoni. Ila kwenye dini na siasa ni mtu mwenye msimamo mkali.

Friki. La mtaani Hispania, kwa aliyezama kwenye gemu au katuni za Kijapani. Kwa rafiki ni utani, kwa usiyemjua linaweza kuwa tusi.

Bado una shaka? Sema "me encanta", yaani "napenda sana", kisha taja unachopenda.