BANDA KWANZA, NGURUWE BAADAYE

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi mlioko darasani leo,

Wengi wetu wa Tarime na Serengeti tumelelewa kwa ng'ombe, na historia ya ng'ombe twaijua. Ile ya nguruwe hatukufundishwa. Hata hivyo, katika kazi yangu serikalini ninakutana na wazazi na vijana wengi wanaotaka kunenepesha nguruwe ili wapate ada. Karibu wote huniuliza bei ya pumba na mashudu. Ni wachache waulizao habari za banda. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze banda lilivyopata kuwa jambo la kwanza.

Kuanzia mwaka 1910 nguruwe wa walowezi nchini Kenya walikufa kwa wingi kwa homa kali. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliandika kwamba huo ni ugonjwa mpya, akamshuku ngiri. Shaka yake ilikuwa ya haki. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe bila kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa akiambukizwa hufa, mara nyingi katika siku chache. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walitangaza kwamba wameviona virusi hivyo katika papasi waliotolewa kwenye mashimo ya wanyama hapa hapa Tanzania.

Basi ukuta na uzio wa nguruwe katika Afrika Mashariki vilitokana na haja ya kumtenga na ngiri. Ulaya mambo yalikuwa kinyume: huko mifugo ilibanwa mno, hata mwaka 1965 kamati ya Profesa Brambell nchini Uingereza ikataka kila mnyama aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Njia hizo mbili zimekutana katika sheria zetu: ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 na ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kwetu jambo hili si la vitabuni. Serengeti tumepakana na Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951, na ngiri hawajui mpaka. Tarime tuna Sirari, ambako watu na biashara hupita kila siku, na ugonjwa huu husafiri pia kwa nyama, viatu na magari. Ureno ilivamiwa mwaka 1957, na yaaminika kwamba chanzo ni makombo ya vyakula vya ndege waliyolishwa nguruwe karibu na Lisbon. Hapana budi makombo yachemshwe.

Banda lenyewe si la anasa. Nguruwe wa kilo 90 apewe kama mita 1 ya mraba. Sakafu iwe ngumu, yenye mteremko, ili mkojo utoke. Kwa kuwa hatoi jasho la kumpoza, apate kivuli na maji wakati wote. Ukuta usiwe na nyufa, maana papasi hujificha humo.

Homa hii haina dawa. Ikiingia, ada ya mwaka mzima huzikwa shimoni. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfugaji wa nguruwe hana budi kufanya yote mawili. Kwa hiyo, wenzangu, tukiombwa kusaidia mradi wa vijana, tutoe saruji kwanza, vitoto vya nguruwe vifuate.