Upozaji wa kinu cha nyuklia

Upozaji wa kinu cha nyuklia ni kazi ya kuondoa joto linalotokea ndani ya kinu cha nyuklia (huitwa pia tanuri la nyuklia), wakati kinu kinapofanya kazi na pia baada ya kuzimwa. Katika kituo cha umeme joto hilo hutumika kuchemsha maji. Mvuke wake huzungusha turbini, na turbini huzungusha jenereta. Joto lisilogeuzwa kuwa umeme hutupwa baharini, mtoni, ziwani au hewani.

Jiko la makaa hupoa likinyimwa makaa, na injini ya dizeli hupoa ikikatiwa mafuta. Kinu cha nyuklia hakiko hivyo. Kikizimwa huendelea kutoa joto kwa siku, miezi na miaka, na joto hilo lisipoondolewa fueli iliyomo huyeyuka. Mitambo ya dharura, taratibu za matengenezo na njia za kutunza taka za nyuklia zimebuniwa kwa kiasi kikubwa ili kukabiliana na joto hilo linalobaki.

Chanzo cha joto

Fueli ya vinu vingi ni oksidi ya urani iliyotengenezwa kuwa vidonge vyenye kipenyo cha takriban sentimita 1. Vidonge hupangwa ndani ya fito ndefu za aloi ya zirkoni. Neutroni inapogonga kiini cha atomi ya urani-235, kiini hupasuka vipande viwili, hutoa nishati na kurusha neutroni nyingine zinazopasua viini vingine. Kinu huzimwa kwa kuingiza fito za kudhibiti, zenye boroni, kadimi au elementi nyingine inayonyonya neutroni. Mfululizo wa mipasuko hukoma katika muda wa sekunde chache.

Hata hivyo vipande vya viini vilivyokwisha kupasuka ni nururifu. Huendelea kubadilika na kutoa mnururisho, na mnururisho huo hugeuka kuwa joto ndani ya fueli. Hakuna swichi wala ufito unaoweza kuuzuia. Kwa kinu kilichofanya kazi kwa muda mrefu kikizalisha megawati 3,000 za joto, kiasi kinachobaki ni takriban hiki:

- mara baada ya kuzimwa: asilimia 6 hadi 7, yaani megawati 200 hivi
- baada ya saa 1: asilimia 1.5, yaani megawati 45 hivi
- baada ya siku 1: asilimia 0.5, yaani megawati 15 hivi

Asilimia 0.5 inaonekana kuwa ndogo, lakini megawati 15 zinatosha kugeuza karibu lita 500,000 za maji kuwa mvuke kwa siku moja.

Aina za vipozi

Kitu kinachopita kati ya fito za fueli na kubeba joto lake huitwa kipozi.

Maji ya kawaida ndiyo kipozi cha vinu vingi duniani. Katika kinu cha maji ya shinikizo, maji hufikia joto la takriban 325 °C bila kuchemka kwa sababu hubanwa kwa shinikizo la angahewa 150 hivi. Maji hayo hupita ndani ya maelfu ya mabomba membamba ya jenereta ya mvuke na kuchemsha maji mengine yaliyo upande wa nje. Kwa njia hiyo maji yaliyogusa fueli hayafiki kwenye turbini. Katika kinu cha maji yanayochemka, mvuke hutokea ndani ya kinu chenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye turbini.

Maji mazito hutumika katika vinu vya CANDU vilivyobuniwa Kanada. Vinu hivyo vinaweza kubadilishiwa fueli bila kuzimwa.

Gesi ya dioksidi ya kaboni ilitumika Uingereza kuanzia kituo cha Calder Hall, kilichofunguliwa mwaka 1956.

Natiri (sodiamu) iliyoyeyuka hubeba joto vizuri sana na haihitaji shinikizo kubwa, kwa kuwa huchemka kwenye 883 °C tu. Kasoro yake ni kwamba hushika moto katika hewa na kupambana vikali na maji. Mwaka 1995 uvujaji wa natiri ulisababisha moto katika kinu cha Monju, Japani.

Historia

Kinu cha kwanza, Chicago Pile-1, kiliwashwa na kikosi cha Enrico Fermi tarehe 2 Desemba 1942. Hakikuwa na mfumo wowote wa kupoza, kwa kuwa nguvu yake siku hiyo haikufika hata wati 1. Kinu cha X-10 huko Oak Ridge, mwaka 1943, kilipozwa kwa hewa iliyosukumwa na mapangaboi makubwa. Mwaka 1944 kinu B cha Hanford kilipozwa kwa maji ya mto Columbia, yaliyopita mara moja ndani ya kinu na kurudishwa mtoni.

Upozaji kwa hewa ya wazi ulionyesha hatari yake huko Windscale, Uingereza, kinu kiliposhika moto Oktoba 1957. Hewa iliyopita kwenye fueli ilitoka moja kwa moja kupitia bomba refu la moshi. Wakati wa ujenzi mwanafizikia John Cockcroft alikuwa amesisitiza vichujio viwekwe juu ya mabomba hayo, na wengi waliviona kuwa gharama ya bure. Siku ya moto vichujio hivyo vilizuia sehemu kubwa ya vumbi nururifu lisisambae.

Kinu cha maji ya shinikizo kilikuzwa kwanza kwa ajili ya manowari, chini ya uongozi wa Hyman Rickover wa jeshi la majini la Marekani. Manowari Nautilus iliteremshwa majini mwaka 1954, na kituo cha umeme cha Shippingport kikafuata mwaka 1957.

Uvumbuzi mwingine ulitoka jikoni. Katika miaka ya 1920 Albert Einstein na Leo Szilard walibuni jokofu lenye pampu isiyo na sehemu zinazozunguka, ambayo husukuma metali ya majimaji kwa nguvu ya sumaku-umeme. Jokofu hilo halikupata soko, lakini pampu za aina hiyo zilitumika baadaye kusukuma vipozi vya metali katika vinu vya nyuklia.

Upozaji wa dharura

Kinu cha umeme huwa na mifumo kadhaa ya akiba ya kuingiza maji: pampu za shinikizo kubwa, pampu za shinikizo dogo, na matangi ya maji yanayobanwa kwa gesi ya nitrojeni ambayo hujimwaga yenyewe shinikizo likishuka. Pampu hupewa umeme wa gridi. Gridi ikikatika, jenereta za dizeli huwaka. Ajali mbili zimefundisha mengi kuhusu mifumo hii.

Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha Three Mile Island nchini Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka ikakwama. Taa kwenye chumba cha udhibiti ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa, si kwamba vali imefungwa. Waendeshaji walidhani kinu kimejaa maji kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yakiingia vizuri. Karibu nusu ya fueli iliyeyuka. Tangu hapo vyombo vya kuonyesha hali halisi ya vali na kiwango cha maji viliboreshwa, na mafunzo ya waendeshaji yakabadilishwa.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa lilitokea karibu na pwani ya Japani. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi katika kituo cha Fukushima Daiichi vilijizima kama ilivyotakiwa, na dizeli zikawaka. Chini ya saa moja baadaye tsunami yenye kimo cha mita 14 hivi ilizamisha dizeli na vyumba vya umeme. Bila pampu, maji yalichemka yakapungua. Zirkoni ya fito ilipopata joto kali ilimenyuka na mvuke na kutoa hidrojeni, ambayo ililipuka na kubomoa mapaa. Fueli ya vinu namba 1, 2 na 3 iliyeyuka, na zaidi ya watu 100,000 walihama makwao. Jenereta moja tu ya dizeli, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu zaidi, iliendelea kufanya kazi. Kwa umeme wake vinu namba 5 na 6 viliokolewa.

Upozaji usiotegemea umeme

Kwa sababu ya ajali hizo wahandisi wamebuni mifumo inayotumia nguvu za maumbile pekee: maji ya moto hupanda, maji baridi hushuka, na kitu kilicho juu huanguka. Katika kinu cha AP1000, kilichoanza kazi kwa mara ya kwanza Sanmen, China, mwaka 2018, tangi kubwa la maji liko juu ya jengo la kinga. Kukiwa na dharura maji hutiririka juu ya ganda la feleji na kulipoza kwa saa 72 bila pampu.

Baadhi ya vinu vipya vina sinia kubwa chini ya kinu la kupokea fueli iliyoyeyuka na kuipoza. Vifaa vyenye platini au paladi huunganisha hidrojeni na oksijeni kuwa maji kabla ya gesi hiyo kulipuka, navyo havihitaji umeme.

Tarehe 3 Aprili 1986, katika kinu cha natiri cha EBR-II nchini Marekani, pampu kuu zilizimwa kwa makusudi na fito za kudhibiti hazikuingizwa. Joto lilipopanda, fueli ilitanuka, neutroni nyingi zaidi zikatoroka, na kinu kikatulia chenyewe bila kuharibika.

Matengenezo

Vinu vingi vya maji huzimwa kila baada ya miezi 12 hadi 24 ili kubadilisha takriban theluthi moja ya fueli. Kazi hiyo hufanyika chini ya maji. Maji yenye kina cha mita kadhaa hupoza fueli na pia hukinga wafanyakazi dhidi ya mnururisho, huku yakiwaruhusu kuona wanachofanya.

Wakati huo mabomba ya jenereta za mvuke hukaguliwa kwa vipima vya sumaku-umeme vinavyosukumwa ndani yake na roboti. Bomba lenye ufa huzibwa. Wafanyakazi huvaa vipimo vya mnururisho, na kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano.

Umuhimu wa ukaguzi ulionekana mwaka 2002 katika kituo cha Davis-Besse, Ohio. Maji ya kupoza huwa na asidi ya boroni kwa ajili ya kunyonya neutroni. Asidi iliyovuja kidogo kidogo ilikuwa imekula feleji ya kifuniko cha kinu kwa unene wote wa sentimita 16 hivi. Kilichobaki kuzuia maji ya shinikizo kubwa kilikuwa utando wa ndani wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene wa takriban sentimita 1.

Utunzaji wa taka

Fueli iliyotumika huhamishiwa kwanza kwenye bwawa lililo karibu na kinu, ambako maji yanayozungushwa huipoza kwa miaka kadhaa. Baada ya hapo inaweza kuwekwa katika makasha makavu ya feleji na zege. Hewa huingia kupitia matundu ya chini, hupata joto, hupanda na kutoka juu, bila pampu wala feni.

Nchi nyingine, hasa Ufaransa, hutenga urani na plutoni ili zitumike tena. Mabaki nururifu sana huchanganywa na kioo kilichoyeyushwa na kumiminwa katika mitungi ya chuma. Kiwanda cha Marcoule kilianza kazi hiyo mwaka 1978. Kioo huchaguliwa kwa sababu hakiyeyuki kirahisi katika maji.

Sezi-137 ina nusumaisha ya miaka 30 hivi, lakini ile ya plutoni-239 ni miaka 24,100. Kwa hiyo Ufini imechimba ghala la Onkalo kwenye mwamba wa Olkiluoto, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi. Fueli huwekwa katika mitungi ya shaba na kuzungushiwa udongo wa bentoniti, unaovimba ukipata maji na kuziba nafasi zote. Hata huko joto ndilo linaloamua vipimo: mitungi hupangwa kwa umbali unaohakikisha kwamba udongo hauzidi 100 °C.

Maji ya nje na mazingira

Kituo cha kawaida hugeuza theluthi moja tu ya joto kuwa umeme. Kituo cha megawati 1,000 za umeme hivyo hutupa megawati 2,000 hivi. Joto hilo likimwagwa baharini kwa kuongeza nyuzi 10 tu, huhitaji takriban tani 48 za maji kila sekunde. Ndiyo maana vituo vingi hujengwa pwani au kando ya mito, na samaki, matumbawe na uvuvi huwa sehemu ya mjadala. Wakati wa joto kali vituo vya Ufaransa vimelazimika kupunguza uzalishaji ili mito isipate joto kupita kiasi. Kituo cha Palo Verde, kilichoko jangwani Arizona, hutumia majitaka ya miji yaliyosafishwa.

Afrika

Kituo cha Koeberg karibu na Cape Town, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1984, hupozwa kwa maji ya Atlantiki. Jenereta tatu za mvuke za kinu chake namba 1 zilibadilishwa mwaka 2023 ili kurefusha maisha yake. Huko Kinshasa kinu cha utafiti cha TRICO, cha kwanza barani, kiliwashwa mwaka 1959 kikiwa ndani ya bwawa la maji. Misri inajenga kituo cha El Dabaa kwenye pwani ya Mediteranea.

Nchini Kenya Wakala wa Nguvu na Nishati ya Nyuklia ulipewa msingi wake na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, ilitajwa kuwa mahali pa kituo, na mwaka 2024 wakazi waliandamana kupinga mpango huo wakihofia bahari na riziki zao.

Afrika pia ndiko vilikopatikana vinu pekee vya asili vinavyojulikana. Mwaka 1972 wanasayansi Wafaransa waligundua kwamba urani ya Oklo, Gabon, iliwahi kuwaka yenyewe miaka bilioni 2 hivi iliyopita. Maji ya ardhini yalipoingia mipasuko ilianza. Yalipochemka na kuondoka ilikoma, hadi mwamba ulipopoa na maji kurudi. Mabaki yake mengi, pamoja na plutoni, hayakusogea mbali, jambo linalowasaidia wanaotafuta mahali salama pa kuzika taka za leo.