Ukuta wa Mwani

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwili wa binadamu, msomaji, haukubali wageni. Chembe hai zitokazo katika mwili mmoja zikitiwa katika mwingine, hutambuliwa na kuuawa. Na wako wagonjwa ambao kupona kwao kwategemea wageni hao.

Hao ni wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao chembe za kongosho zao zitengenezazo insulini zimeangamizwa na kinga ya miili yao wenyewe. Zamani, mtoto aliyeshikwa na maradhi haya alikonda hata akafa. Mwaka 1922, mjini Toronto, insulini iliyotolewa katika kongosho za wanyama ilianza kuwaponya watoto na kifo hicho. Tangu hapo wagonjwa waliishi, lakini kwa sindano za kila siku. Je, haikuwa afadhali kuwapa chembe zenyewe? Naam, ila dawa za kuizuia kinga isiziue humwacha mgonjwa bila ulinzi mbele ya maradhi mengine.

Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walitangaza njia nyingine. Walizifunga chembe za kongosho ndani ya vidonge vidogo sana vya haidrojeli, yaani kitu laini kilichoganda, ambacho sehemu yake kubwa ni maji. Haidrojeli yao ilitokana na mwani wa rangi ya kahawia. Ukuta wa kidonge ulipitisha sukari, oksijeni na insulini, ukazuia askari wa kinga. Panya wenye kisukari waliotiwa vidonge hivyo walipata nafuu kwa majuma 2 hadi 3.

Kwa nini nafuu ya namna hii haikudumu? Kwa sababu ukuta wenyewe nao ni mgeni. Mwili usipoweza kuubomoa, huuzungushia kovu. Chembe zilizomo hukosa oksijeni na kufa. Ndipo wataalamu walipotambua kwamba haitoshi kuona chembe zikiishi vema katika chupa ya maabara. Sharti haidrojeli itiwe katika mwili wa mnyama, iachwe kwa muda, kisha itolewe na kovu lake lichunguzwe. Walijifunza pia kuisafisha, kwani uchafu uliobaki kutoka katika mwani uliuchokoza mwili.

Huko Marekani, kundi la Robert Langer na Daniel Anderson lilitengeneza haidrojeli 774 kwa kuibadili ile ya mwani, likazijaribu katika panya. Chache zilizofanya vema zikajaribiwa katika nyani. Mwaka 2016 walitangaza kwamba chembe za binadamu, zikiwa ndani ya mojawapo ya haidrojeli hizo, zilituliza sukari ya panya kwa siku 174.

Panya si mtu, na sindano ingali tegemeo la wagonjwa. Lakini pima mwenyewe, msomaji: toka majuma 3 hadi siku 174 ilipita miaka 36, na hatua kubwa ilipatikana kwa kuuliza mwili, si kwa kuukisia.