Paka waliobaki nyuma wakati tulipokimbia



Tukihesabu yale tuliyopoteza tangu Oktoba 2014, tunaanza na watu wetu, halafu nyumba, halafu mashamba ya kakao. Paka hahesabiwi. Tarehe 29 Novemba 2015, washambuliaji walipoingia Eringeti hadi hospitalini, wakaaji walishika barabara ya kitaifa namba 4, wengine kuelekea Oicha na Beni, wengine kuelekea Komanda. Katika kukimbia namna hiyo mbuzi huvutwa kwa kamba, kuku hubebwa, mbwa hufuata mwenyewe. Paka hubaki, kwa sababu yeye amezoea nyumba kuliko mtu.

Wazee husema: paka akiondoka, panya hutawala. Kwetu aliyeondoka ni mwenye nyumba. Paka jike huweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi sita, na mimba yake ni ya miezi miwili tu. Watoto wanaozaliwa katika nyumba tupu bila kuzoea mkono wa mtu huwa wa porini. Familia inaporudi, inawakuta darini. Wanaiba samaki, wanapigana usiku kucha, na wengine husema ni paka wa wachawi. Mara nyingi neno linalofuata ni sumu.

Kabla ya kununua sumu, tutazame waliotutangulia. Septemba 1939, vita vilipoanza Uingereza, wakaaji wa London waliogopa mabomu na njaa. Inakadiriwa kwamba kwa wiki moja tu mbwa na paka wapatao 400,000 waliuawa, wengi wakipelekwa na wenyewe. Mabomu yalikuwa bado hayajaanguka. Baadaye chakula kilipokuwa cha kupimwa, serikali ileile iliruhusu paka wanaolinda maghala wapewe maziwa ya unga yaliyoharibika. Walikuwa wamejifunza thamani yake wakiwa wamechelewa.

Kuna pia kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, mbali sana katika bahari ya baridi. Mwaka 1949 watu walipeleka huko paka watano ili wapunguze panya. Kufika 1977 paka walikuwa karibu 3,400, na walikuwa wanamaliza ndege wa baharini. Serikali ikaleta ugonjwa wa paka, kisha wawindaji wa usiku, mitego na sumu. Kazi ilimalizika 1991, yaani miaka 14. Na hicho ni kisiwa kisicho na kijiji, wala mtoto anayeokota kitu chini, wala paka mpya anayeingia kutoka kwa jirani. Panya wako huko hadi leo.

Sisi hatuko kisiwani. Ukiua paka wa nyumba kumi, nafasi na chakula vinabaki, na paka wa mtaa mwingine wanahamia. Sumu nayo haichagui: kuku na mbwa hula kilichokufa, na mtoto hushika kila kitu. Halafu panya wanarudi kwenye mahindi na maharagwe. Jirani zetu wa Ituri wanajua panya na viroboto vyao vinaleta nini: tauni imejulikana huko tangu mwisho wa miaka ya 1920.

Lamu, pwani ya Kenya, mji wa zamani uliojaa paka, wameshika njia nyingine. Waganga wa wanyama huwakamata, huwafunga uzazi, kisha huwarudisha mtaani kwao. Kwa njia hii, mahali pengi, ncha ya sikio hukatwa kidogo ili paka asikamatwe mara ya pili. Paka huyo analinda eneo lake na kuwinda panya, lakini hazai tena. Idadi inashuka polepole.

Kwetu mganga wa wanyama ni adimu, hilo tunalijua. Lakini kuna mambo yasiyongoja mradi. Takataka za sokoni zifukiwe, kwa sababu paka wa porini huzaana palipo na chakula. Watoto wa paka wachukuliwe wakiwa wadogo, wazoeshwe watu. Chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika kwa ajili ya mbwa, tuulize na ya paka. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile. Kichaa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Ninyi mtakaorudi kesho, mkisikia mlio darini msikimbilie sumu. Huenda ni mjukuu wa paka wenu mliyemwacha mlangoni.